Imani Iliyofundisha Kuchora: Shule ya Sanaa ya Makerere

Makerere ilizaliwa Kampala, Uganda, mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, ikifundisha useremala, ujenzi na umakanika. Kufikia miaka ya 1930 ilikuwa chuo kinachowaandaa walimu, makarani na wasaidizi wa madaktari kwa ajili ya serikali za kikoloni za Afrika Mashariki, na uchoraji haukuwamo katika ratiba yake. Somo hilo liliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1937 Margaret Trowell, Mwingereza aliyesomea sanaa London na ambaye mumewe alikuwa daktari wa hospitali ya Mulago, alianza kuwafundisha vijana kuchora na kuchonga barazani kwake, nje ya saa za masomo. Mwaka 1938 kazi za wanafunzi hao zilionyeshwa katika ukumbi wa sinodi wa kanisa kuu la Namirembe, na mwaka 1939 zikapelekwa London kwenye jengo la Imperial Institute. Kwamba zilionekana kwanza katika ukumbi wa kanisa kabla ya kufika kwenye jumba la dola kunaeleza mengi kuhusu chanzo cha somo lenyewe. Trowell alikuwa Mwanglikana wa dhati, na aliamini kwamba kazi ya mikono haiwezi kutengwa na uhai wa kiroho wa mtu anayeifanya. Darasa lile la barazani ndilo lililokua likawa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo ina jina lake.

Wanaoandika habari za shule hiyo hugawanyika mara nyingi katika kambi mbili. Wengine humwona Trowell kama mama wa sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki. Wengine humwona kama wakala wa ukoloni aliyevaa joho la dini. Mimi naona kambi zote mbili zimechanganya mambo mawili ambayo historia yenyewe inayatenganisha. Jambo la kwanza ni falsafa: kwamba sanaa ina kazi ya kiroho katika jamii, na kwamba mwanafunzi lazima aanzie kwenye kile anachokiona ndani yake. La pili ni ulezi: kwamba mwalimu mgeni ndiye anayejua roho ya Mwafrika ikoje, na kwa hiyo ndiye wa kuamua mwanafunzi aone nini na asione nini. Falsafa ilizaa wasanii. Ulezi uliwabana. Ushahidi ulio wazi kuliko wote ni kwamba wanafunzi hodari wa shule hiyo waliichukua falsafa wakautupa ulezi, na bado kazi zao zikasimama.

Tuanze na falsafa yenyewe. Trowell alikuwa amefunzwa ualimu wa sanaa chini ya Marion Richardson, mwalimu wa Kiingereza aliyepinga mtindo wa kuwapa watoto mitungi na piramidi za plasta wazinakili. Katika mbinu ya Richardson mwalimu husimulia tukio taratibu, wanafunzi wakiwa wamefumba macho, mpaka kila mmoja alione kwa jicho la ndani. Kisha hufumbua macho na kuchora alichokiona. Trowell aliileta mbinu hiyo Kampala. Alisimulia matukio ya kijijini na visa vya Biblia, akawaacha wanafunzi wachore bila kielelezo mbele yao. Mtu aliyezoea shule za wakati ule, ambamo mtoto mzuri ni yule anayerudisha neno la mwalimu kama alivyolipokea, ataona ukubwa wa mabadiliko hayo. Mwanafunzi aliambiwa kwamba ndani yake mna kitu kinachostahili kutazamwa na watu wengine. Hilo Richardson aliliita jambo la elimu. Trowell aliliona pia kuwa jambo la imani, kwa sababu kwake jicho hilo la ndani lilikuwa kipaji cha Muumba.

Nguzo ya pili ya falsafa yake ilitoka kwenye kulinganisha Afrika na Ulaya ya zama za kati, wakati ambapo waashi, wachongaji na wachoraji wa vioo walifanya kazi kwa ajili ya kanisa na umma, wengi wao bila hata kuacha majina. Aliona kwamba sanaa ya kale ya Afrika ilikuwa hivyo hivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu uchongaji wa Afrika aliigawa sanaa hiyo katika mafungu matatu: inayowaelekea mizimu na roho, inayomwelekea binadamu na hadhi yake, na ile ya maonyesho ya matambiko. Mgawanyo huo unaweza kupingwa, lakini unaonyesha wazi alivyofikiri. Hakuuliza kwanza kama kitu ni kizuri. Aliuliza kinamwelekea nani na kinafanya kazi gani. Kwa mtazamo huo picha inayotundikwa ukutani ili tajiri mmoja aifurahie ilikuwa kitu cha ajabu, na hofu yake ilikuwa kwamba Ukristo ulikuwa umeivunja imani ya kale iliyoilisha sanaa bila kuweka lishe nyingine mahali pake. Shule aliyoijenga ilikuwa jaribio la kuiweka lishe hiyo.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1939 kasisi Edward Paterson alifungua shule ya Cyrene karibu na Bulawayo, ambako uchoraji ulikuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi, na kuanzia mwaka 1947 padri Kevin Carroll alifanya kazi pamoja na wachongaji wa Kiyoruba huko Oye-Ekiti, Nigeria, wakitengeneza milango na sanamu za makanisa. Tofauti ya Makerere ni kwamba ilikuwa chuo cha juu. Waliopita hapo hawakurudi nyumbani wakiwa mafundi wa kanisa peke yake; wengi walikuwa walimu, na baadhi yao wakawa watu wa kutoa hoja zao wenyewe kuhusu sanaa. Ndiyo maana falsafa ya Makerere iliweza kugeuzwa kutoka ndani.

Matunda ya mwanzo yanajulikana. Gregory Maloba, kutoka magharibi ya Kenya, alikuwa mwanafunzi wa Trowell kisha akawa msaidizi wake, na sanamu yake ya Kifo, ya mwaka 1941, ni kazi ya kijana anayelishughulikia swali zito la dini bila kuonyesha msalaba wala malaika. Miaka ishirini na moja baadaye aliisimamisha katikati ya Kampala sanamu ya Uhuru: mama aliyezungushiwa mikanda mwilini akimwinua mtoto, na mikono ya mtoto imenyooka kuelekea mbinguni. Sanamu hiyo iliwekwa kwa ajili ya taifa, lakini lugha yake ni ya sala. Sam Ntiro, Mchaga wa Machame aliyezaliwa mwaka 1923, alifuata njia nyingine. Katika picha zake vilima na migomba hupandiana hadi juu ya turubai, na watu ni wadogo, wengi, karibu wote bila sura ya kumtofautisha mmoja na mwingine, wakivuna, wakijenga, wakibeba mizigo. Picha yake ya mwaka 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku imehifadhiwa katika Museum of Modern Art ya New York. Hakuna shujaa ndani yake. Shughuli yenyewe, na kushirikiana kwa watu, ndivyo vilivyopewa heshima ya picha ya ibada.

Pingamizi la kwanza ni zito. Inasemwa kwamba yote haya yalikuwa ukoloni kwa jina jingine: mama wa Kizungu anaamua kwamba Mwafrika ni mtu wa roho, wa jumuiya, wa kijiji, kisha anamzuia asijifunze mambo ya Ulaya yasije yakamharibu. Ukweli wa shutuma hii haukanushiki. Trowell aliogopa sana kwamba picha za Kizungu zingewameza wanafunzi wake, na katika miaka ya mwanzo aliwalinda dhidi ya mafunzo ya kuonyesha umbali katika picha na ya anatomia kama mlezi anavyomficha mtoto kisu. Matokeo yake yalikuwa kejeli: kijana anayesoma kemia na fasihi ya Kiingereza katika chuo kile kile, pengine anayesubiri kuajiriwa ofisini mjini, alitarajiwa akiingia darasa la sanaa awe mtu wa shambani. Usafi aliouhifadhi mwalimu ulikuwa sehemu ya picha yake mwenyewe ya Afrika. Lakini tukubali pia matokeo ya hoja hii. Kosa lililotajwa hapa ni la kumwamulia mtu mwingine roho yake. Ulezi wa namna hiyo ungeweza kufanywa na asiyeamini Mungu kabisa, na ulifanywa hivyo mahali pengi Afrika, ambako walimu wa karakana wasio na dini walidai kulinda kile walichokiita asili ya Mwafrika. Imani haikuwa sharti la ulezi huo, na kuiondoa imani hakuuondoi ulezi.

Pingamizi la pili linagusa dini moja kwa moja, na kwangu ndilo linalouma zaidi. Kanisa lililodai kuipa sanaa uhai mpya ndilo lililoisaidia ile ya zamani kufa. Jumba la makumbusho la Uganda lilianza mwaka 1908 katika ngome ya zamani ya ofisa wa kikoloni Lugard, na watu wa Kampala wakaliita Enyumba ya Mayembe, nyumba ya pembe za uganga, kwa maana humo ndimo zilimokusanywa zana za dini iliyokuwa inaachwa. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalichukuliwa na mmisionari John Roscoe yakapelekwa Cambridge; yalirudishwa Uganda mwaka 1962 tu, wakati wa uhuru. Kichwa cha udongo kilichofukuliwa Luzira mwaka 1929, kazi ya mikono iliyojua vizuri kufinyanga uso wa binadamu, kiko London hadi leo. Ilikuwa rahisi basi kwa waliokuja baadaye kusema kwamba Uganda haikuwa na mapokeo ya sanamu, kwa sababu vilivyokuwapo vilikuwa vimechomwa, vimefichwa au vimesafirishwa. Katika hili Trowell alisimama pande zote mbili za mto. Aliyasimamia makumbusho hayo yalipohamia Makerere wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1953 alitoa pamoja na Klaus Wachsmann kitabu kikubwa cha ufundi wa makabila ya Uganda, chenye maelezo ya kina ya nyumba, vyombo na kazi za mikono. Aliandika habari za kitu kilichokuwa kinapotea huku akiishi ndani ya taasisi iliyochangia kukipoteza. Fundi wa lubugo, nguo ya gome la mutuba iliyotumika kuwasitiri wafu wa Buganda, tayari alikuwa na falsafa ya kiroho ya kazi yake, aliyoirithi kwa kukaa miaka karibu na nyundo ya mzee wake. Hakuingia darasani kama mwalimu. Aliingia vitabuni kama mfano.

Kwa Waswahili wa pwani hoja hii, kwamba falsafa ya kiroho ya kazi ilikuwapo kabla ya Trowell, ina ushahidi wa karibu zaidi. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la kibla yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi walinakili misahafu na kuinakshi kwa wino mweusi, mwekundu na manjano. Mafundi wa milango wa Lamu na Unguja walifundishana nakshi za maua na minyororo kwa vizazi vingi. Mambo haya yote yalikuwa mafunzo ya sanaa chini ya falsafa ya kiroho, na kunakili kulikokataliwa barazani Mulago ndiko kulikuwa adabu ya kwanza ya mwanafunzi wa Siyu, kwa sababu aliyekuwa mbele yake ni neno la Mungu, ambalo haliongezwi wala halipunguzwi. Kwa hiyo si kweli kwamba falsafa ya kiroho huzaa lazima aina moja ya darasa. Makerere ilichagua simulizi na umbo la binadamu kwa sababu Ukristo wake ulichagua hivyo, na kijana Mwislamu wa pwani angekuta pale mlango uliofunguliwa nusu. Kasoro hiyo ni ya kweli, ila inahusu wembamba wa shule moja. Wazo la kuifundisha sanaa kupitia imani lilikuwapo ukanda huu zaidi ya miaka mia nane kabla ya Trowell kushika chaki.

Aliyelijibu kwa vitendo fumbo la kuichukua falsafa na kuutupa ulezi ni Elimo Njau. Alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932, akasoma Makerere wakati wa Trowell, na mwishoni mwa miaka ya 1950 akachora picha tano kubwa ukutani katika kanisa kuu la Fort Hall, ambayo sasa ni Murang'a, Kenya. Kanisa hilo lilijengwa kuwa kumbukumbu ya Wakikuyu Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya utawala wa Kiingereza. Waliolijenga walikuwa na upande wao katika vita hivyo, na ukuta ungeweza kuwa tangazo la siasa. Njau alichora Kuzaliwa, Ubatizo, Chakula cha Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa, na watu wote ni Waafrika, akiwamo Yesu, katika ardhi ya vilima ya nchi ile ile iliyokuwa chini ya amri ya hali ya hatari. Anayekejeli atasema alibadilisha rangi ya ngozi tu, hadithi ikabaki ya Kizungu. Namwomba mtu huyo amfikirie mwumini aliyeketi kwenye benchi la Fort Hall mwaka 1959, mwenye ndugu aliyeuawa na wapiganaji na pengine mwingine aliye kizuizini kwa amri ya serikali. Mbele yake yupo Mwafrika anayekufa kwenye kilima cha Kikuyu, naye hakuambiwa huyo ni wa upande gani. Picha iliyoagizwa kuwakumbuka wafu wa upande mmoja imepanuliwa ikawabeba wote. Hilo lisingewezekana kwa mchoraji aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kupanga rangi na mistari, wala kwa mchoraji aliyekubali kuchora vijiji visivyo na siasa kwa ajili ya kumridhisha mlezi.

Njau aliendelea kuifanya imani yake kuwa kanuni ya ufundishaji. Msemo wake uliojulikana Afrika Mashariki yote ulikataza kunakili, akidai kwamba anayenakili anamlaza Mungu usingizi. Sikilizeni nguvu ya hoja hiyo. Trowell alikataza kunakili ili kuulinda Uafrika wa mwanafunzi. Njau alikataza kwa sababu uumbaji unaendelea ndani ya kila mtu, Mwafrika au la, na haufuati mpaka uliowekwa na mlezi yeyote. Kanuni ni ile ile, lakini mwenye mamlaka amebadilika. Mwaka 1965, akiwa pamoja na wenzake, alianzisha Nairobi kituo cha sanaa cha Paa ya Paa, kilichomilikiwa na kuongozwa na Waafrika wenyewe, mahali pa picha, michezo ya kuigiza na mijadala.

Pingamizi la mwisho linasema kwamba historia yenyewe imekwisha kutoa hukumu: mwaka 1958 Trowell aliondoka, Cecil Todd akaja kutoka Afrika Kusini, akaleta nadharia ya rangi, historia ya sanaa ya Ulaya na vifaa vya kisasa, na shule ikachanua. Ni kweli ilichanua. Kizazi cha mchoraji Theresa Musoke na wenzake kilipata ujuzi ambao waliowatangulia walinyimwa, na Jonathan Kingdon, mzaliwa wa Tanganyika aliyeanza kufundisha hapo mwaka 1960, aliunganisha kuchora na sayansi ya wanyama kwa namna ambayo haikuwahi kufikiriwa barazani Mulago. Ujuzi si adui wa roho, na Trowell alikosea kuuogopa. Hata hivyo, tukitazama walichokifanya wanafunzi hao kwa ujuzi mpya tunaona swali la zamani halikufukuzwa. Musoke alichora ukuta mzima wa Mary Stuart Hall, bweni la wasichana la Makerere, na mada aliyoichagua ni uzazi. Kefa Sempangi, aliyefundisha historia ya sanaa hapo, alikuwa pia mchungaji wa kanisa Kampala mpaka utawala wa Idi Amin ulipomlazimisha kukimbia mwaka 1973. Todd aliwapa lugha pana zaidi. Mambo waliyoyasema kwa lugha hiyo yalibaki kuwa kuzaliwa, kufa, kuteseka na kuokolewa.

Ushahidi wangu wa mwisho ni Rosemary Karuga. Alisoma sanaa Makerere kuanzia mwaka 1950 hadi 1952, akiwa mwanamke wa kwanza kusomea fani hiyo pale, kisha akawa mwalimu Kenya kwa miongo mingi bila jina lake kujulikana. Baada ya kustaafu, mwaka 1987, alifanya kazi Paa ya Paa. Hakuwa na fedha za rangi, kwa hiyo alichanachana karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akavigundisha vipande vidogo vidogo mpaka vikawa kuku, ng'ombe, wanawake na mashamba. Mwaka 1990 kazi hizo zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York. Ukizitazama kwa karibu unaziona bado herufi za kiwandani katika manyoya ya ndege. Hapo kuna somo lote la Makerere likiwa limekomaa: anza na ulichonacho na unachokiona, usiazime jicho la mtu. Na hapo hapo mwiko wa mlezi umevunjwa, maana hakuna kitu kisicho cha asili kama karatasi ya sabuni ya dukani.

Hukumu yangu basi ni hii. Makerere ilikosea ilipodhani kwamba kumheshimu mwanafunzi ni kumfungia, na ilikosea zaidi ilipowafanya mafundi wa imani nyingine kuwa mifano ya vitabuni badala ya kuwaita walimu. Haikukosea ilipomuuliza kila mwanafunzi kazi yake inamwelekea nani na kwa nini ifanywe. Shule nyingi za sanaa za Afrika Mashariki leo zinafundisha vifaa, programu za kompyuta na soko, na zinafanya vizuri kufanya hivyo, kwa kuwa msanii naye anakula. Lakini zirudishe swali hilo darasani, na safari hii waalikwe kulijibu shehe na mchungaji, fundi wa lubugo na mchonga milango, na asiyeamini pia. Walimu wa sanaa wanaosoma haya hawahitaji kusubiri mtaala mpya ili kuanza.